Ndege Niliyoipaka Rangi ya Viatu

Pale uwanjani, mtaa wa Karen, mimi nilikuwa Shemeji. Wanaume walivaa kofia na miwani ya jua, kila mmoja na ndege yake ndogo ya kuendeshwa kwa rimoti, na kwao nilikuwa mke wa mwenzao basi. "Shemeji, chai iko hapo." "Shemeji, keti kivulini." Walikuwa watu wema, siwasingizii. Lakini hata wema wa kuketishwa kivulini kila Jumamosi huchosha.

Mume wangu ndiye aliyekuwa mwanachama. Yeye alirusha, mimi nilitengeneza. Nalisema hili mapema kwa sababu ugomvi wote ulitoka hapo. Alikuwa ameagiza ndege ya kivita ya povu gumu jeupe, ndefu kama meza yetu ya sebuleni, ikafika vipande vipande ndani ya boksi. Alisoma maelezo, akayakunja, akasema ataanza wikendi. Wikendi zikapita. Boksi lilikaa nyuma ya kochi, huko kwetu Uthiru, mpaka nikachoka kulisukuma kila nikifagia. Nikalifungua mwenyewe.

Mimi ni binti wa mchonga vinyago. Kule Ukambani baba alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, nasi watoto tukapiga msasa. Kazi ya mwisho ilikuwa yangu: kuchota rangi nyeusi ya viatu kwa kitambaa, kusugua kinyago chote, kisha kuifuta upesi kabla haijashika. Weusi ulibaki ndani ya michoro tu, kwenye mikunjo ya shingo na katikati ya kwato, na mti wa kawaida ukageuka mpingo machoni pa mgeni. Baba hakuona haya hata kidogo. Alisema mnunuzi amenunua twiga, hakununua mti.

Nikaifanyia ndege vile vile. Nililifunika povu kwa karatasi laini na gundi, nikapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzika, nikachora mistari ya maungio ya mabati kwa kalamu iliyoisha wino, nikapuliza rangi ya kijivu. Wenzake mume wangu walipenda ndege zao zing'ae kama gari la harusi. Mimi sikutaka. Nafanya kazi katika ofisi ya serikali katikati ya jiji, ghorofa ya juu, na sikukuu ya taifa ikikaribia ndege za kivita hupita nje ya dirisha letu zikifanya mazoezi, hata vikombe hutetemeka mezani. Wenzangu huziba masikio. Mimi huzitazama mbavu. Zina masizi nyuma karibu na injini, zina michirizi ya mafuta, zina viraka vya rangi isiyofanana. Ndege inayofanya kazi ni chafu, kama aproni ya mpishi.

Mara ya kwanza nilifanya kosa ambalo ni binti wa mchongaji tu angelifanya. Nilisugua rangi ya viatu, ikapendeza kupita kiasi, kisha nikapuliza vanishi juu yake ili isitoke. Rangi ya viatu ni mafuta na nta. Vanishi ikaikataa, ikajikusanya matone matone bawa zima. Vinyago vya baba havikuwahi kupigwa vanishi, na mimi nilijua, ila sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nililia, nikatukana, nikapiga msasa upya. Tangu hapo ndege zangu zote zimekaa bila vanishi, nami nazisugua upya kabla ya kutoka nyumbani, kama baba alivyovisugua vinyago vyake kila akifungua kibanda. Ubaya ni kwamba ukizishika ovyo, zinakuachia weusi vidoleni.

Siku tulipoipeleka Karen ile ndege ya kwanza, wanaume waliizunguka. Mwenyekiti wa klabu, bwana mmoja mtaratibu wa Muthangari, alipiga magoti kwenye nyasi akaikodolea macho.

"Boss, hii umefanya na nini? Si ni zile poda za kuagiza majuu?"

Mume wangu akatabasamu. "Hiyo sasa ni siri."

Nami nilikuwa nimesimama papo hapo, nimeshika bawa la kushoto.

Kwenye gari sikumwacha. "Mbona hukuwaambia?"

"Nitawaambia tu."

"Lini?"

"Si unajua hao watu, babe. Watanicheka."

Nikamwambia afadhali achekwe yeye kuliko mimi nifutwe. Akawasha redio ya gari. Katika mambo mengi alikuwa mume mzuri. Aliosha vyombo bila kuombwa, alinisikiliza nikilalamika juu ya kazi, hakuwahi kuniinulia sauti. Katika jambo hili moja alikuwa mwoga. Niliendelea kutengeneza kwa sababu niliipenda kazi, wala si kwa kuwa nilikuwa nimemsamehe. Kila ndege mpya walimsifu yeye, na kila tukirudi nyumbani nilimuuliza lini, naye akajibu nitawaambia.

Kisha akaugua ghafla, akafa. Kwenye meza ya sebuleni aliacha ndege yangu ya mwisho ikiwa nusu, mkia umepakwa, pua bado nyeupe. Nilimlilia na kumkasirikia kwa pamoja, na asiyewahi kufiwa asinifundishe kwamba haiwezekani. Alikuwa ameenda na neno langu mfukoni. Wageni wa matanga walipokwisha, nilichukua msasa nikaendelea na pua.

Mwenyekiti alinipigia simu baadaye. "Shemeji, pole tena. Tunataka kumfanyia kitu kidogo, tumuage vizuri. Ile jet yake ya mwisho, mimi nitairusha. Na ukuje na mum yake, tafadhali."

Mama mkwe wangu ni mkulima, amezaliwa pembezoni mwa jiji na kuzeekea hapo hapo, na katika chama cha akina mama kanisani hakuna anayempinga mara mbili. Alipoiona ndege iliyomalizika alivua miwani akaivaa tena.

"Sikujua mtoto wangu alikuwa na mikono kama hii," akasema. "Nimewaambia wamama wote."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilifungua mdomo, nikauona uso wake, nikaufunga. Tumefunzwa kwamba marehemu hasemwi, na mwanamke anayemsema marehemu mbele ya mamake huitwa majina. Nikaipakia ndege garini, na njia nzima akawa anamsifu mwanawe, nami nikashika usukani na kuuma meno.

Uwanjani walikuwa wamesimamisha hema na kupanga viti. Mama mkwe akaketishwa mbele. Mwenyekiti alinyanyua ndege, akaigeuza, kisha akatazama vidole vyake.

"Shem, hii paint ya boss haijakauka?"

"Hiyo haikauki. Ni rangi ya viatu."

"Ya viatu? Nani alikuambia?"

Kabla sijamjibu alikuwa ameiweka ndege kwenye nyasi, amepangusa vidole kwa leso, ameshika kipaza sauti.

"Marafiki, hii jet mnaiona hapa ndiyo kazi ya mwisho ya mikono ya ndugu yetu. Tutairusha kwa heshima yake."

Wakapiga makofi. Mama mkwe akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, mimi mwenyewe ndiye ninayelizika neno hilo, wala sitakuwa na marehemu wa kulaumu. Nikaenda, nikaiinua ndege, nikaikumbatia. Gauni langu lilikuwa la rangi ya maziwa.

"Hairuki," nikasema.

"Shemeji?"

"Hairuki mpaka useme ukweli. Hii ndege nimeitengeneza mimi. Na zile zingine zote. Yeye alikuwa anarusha tu."

Mwenyekiti alikishusha kipaza sauti, akasogea karibu. "Shem, najua uko na uchungu. Lakini leo si siku ya hayo maneno. Leo ni ya kumrespect marehemu."

"Mimi nimemrespect kwa kunyamaza, kila Jumamosi. Imetosha."

Mama mkwe alikuwa ameinuka. Alikuja polepole, mkoba kwapani. "Ati umesema nini?"

Nikarudia.

Alitazama ndege. Alitazama weusi kwenye gauni langu, kisha kucha zangu, ambazo zilikuwa na weusi ule ule. "Na alikuwa anajua wanamsifu yeye?"

"Ndiyo, Mum."

"Na akanyamaza."

"Alinyamaza."

Niliona neno hilo likimwingia, nikaumia. Alikuwa amezika mtoto, na sasa nilikuwa namnyang'anya hata kile kidogo alichokipata baada ya kaburi. Lakini sikuomba msamaha. Ningeomba, ningekuwa nimemrudishia mwanawe kazi yangu kwa mikono miwili.

Aliuhamishia mkoba kwapa la pili. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Wewe," akasema, "sema vile amesema."

Mwenyekiti alikohoa. Akainua kipaza sauti, akasema haraka haraka, macho chini, kwamba ndege hii imetengenezwa na mke wa marehemu, na za awali pia.

"Sijasikia," mama mkwe akasema.

Alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama karibu naye kabisa, na masikio yake hayana shida. Mwenyekiti akarudia, kwa sauti, neno kwa neno, nami nikampa ndege.