Ndege ya Mikebe ya Nyanya

Shule niliiacha darasa la pili, na ufundi wa bati nilijifundisha mwenyewe pale Gitega. Miaka ya vita watu walinijia kwa koroboi na makarai tu. Kisha Mhindi mmoja mwenye duka Muyinga akaniagiza ndege ya vita ya kupamba duka lake, akanipa picha ya kalenda. "Lakini isiwe mpya," akasema. "Nataka ionekane imetoka kazini."

Maneno hayo niliyapenda. Nilikata mikebe ya nyanya, nikaunga mabawa kwa lehemu, nikapaka rangi ya kijivu. Halafu nikaanza kuizeesha: masizi ya taa pale moshi unapotokea, ndimu na chumvi kwenye vichwa vya misumari mpaka vikashika kutu, msasa pale rubani anapokanyaga akipanda. Hapo nilizidisha mkono. Rangi ilitoka, na nyanya iliyochapwa kwenye mkebe ikachomoza juu ya bawa, nyekundu, duara. Nikaitazama, nikaiacha. Ilipendeza.

Siku ya kuipeleka Muyinga, kwenye bariyeri, kizuizi cha jeshi kabla ya Gashoho, askari alitushusha sote kwenye teksi. Akaiona ndege.

"Muzee, hii alama iko ya jeshi gani?"

"Ya nyanya."

Abiria mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Askari hakucheka. "Futa."

"Sifuti. Mi sikuchora, mkebe ulikuja nayo."

"Futa, baba, tuende!" mama mmoja akanisihi. "Si ni rangi tu hiyo!"

Nikamwambia kama ana haraka, miguu anayo. Askari akaninyang'anya ndege, akaiweka barabarani mbele ya gurudumu. "Shoferi, washa motoka. Tuone kama itaruka."

Basi nikaenda nikakaa chini pale pale, nikaipakata. Niliogopa, nisidanganye, wakati ule watu walikufa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini kazi ya mikono yangu nisingeiangalia ikipondwa nimesimama kando kama mpita njia.

"Pita," nikamwambia shoferi. "Anza na mimi."

Shoferi akazima gari, akachomoa ufunguo. Askari akaiendea kamba iliyofunga njia. "Huyu muzee iko na kichwa kama nyundo," akasema, akafungua kamba. "Aende na nyanya yake."

Abiria wakapanda. Mimi shoferi akanifungia mlango: "We utatuua, muzee."

Sawa. Nikaiweka ndege kichwani, nikashika njia ya Gashoho kwa miguu, na waliokuwa wakitoka sokoni wakanipisha.