Mchezaji Aliyekataa Sigara

Nilipaka pilipili kwenye sigara za mjomba, nikazirudisha kwenye pakiti kwa adabu zote. Hadi leo moshi wa sigara ukinipitia nje ya shule, nacheka peke yangu.

Chumba chetu cha mtaa wa Satwa, huko Uarabuni, kilikuwa kimoja. Mjomba akivuta, mama anakohoa. Nilikuwa na kadi kuukuu ya mchezaji wa besiboli, zile zilizotiwa zamani kwenye pakiti za sigara. Huyu wangu alikataa sura yake itumike kuwauzia watoto tumbaku, kadi chache zikiwa zimeshatoka. Mjomba akaizima sigara yake juu ya uso huo.

"Shujaa wako kapata kazi," akasema.

Kesho yake akavuta, midomo ikavimba kama maandazi.

"Maji, yalla, haraka, maji."

Mama akanivuta pembeni. "Kamuombe mjomba wako radhi," akaninong'oneza. "Halafu uniambie pakiti nyingine anaificha wapi."