Nilijisifu kwa Sauti ya Mama, Bima Ikaniamini

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kumlaumu jamaa wa bima, kwa sababu nitamlaumu tu, nijueni.

Nina miaka kumi na saba, naishi Burnsville na mama yangu na mdogo wangu Kevo, ambaye ana miaka kumi na mdomo wa mtu wa hamsini. Jina langu siliandiki. Wakenya wa huku tunajuana mpaka saizi ya viatu, na nimeshaaibika vya kutosha.

Kwetu mimi ndiye katibu. Kama umelelewa na Wakenya wa Minnesota unajua ninachosema. Benki, daktari wa meno, watu wa intaneti, wote nawapigia mimi, tena kwa jina la Mama. Mama ni nesi, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, lakini akipiga simu wanamrudisha nyuma. "Samahani, unasema?" Mara tatu, mara nne, mpaka anachoka. Mimi nikiongea kwa pua kama mtu aliyezaliwa huku, mambo yanaisha kwa dakika tano. Tarehe yake ya kuzaliwa naitaja haraka kuliko yangu.

Kila nikishika simu ananiambia, "Jibu wanachouliza, basi. Usiongeze chumvi."

Mimi na chumvi.

Mwaka huu Mama alinunua gari-nyumba, yale magari marefu yenye vitanda, jiko na choo ndani. Aliuziwa na familia ya mzee mmoja aliyemuuguza. Tulilipa jina Ndovu, kwa rangi yake na kwa jinsi linavyokata kona. Mama amekaa Amerika miaka kumi na minne, na alichokiona zaidi ni korido za nyumba za wazee. Akasema kiangazi hiki tunaenda South Dakota kuona ule mlima uliochongwa nyuso za marais, na anaendesha mwenyewe.

Mjomba Njoro, kaka yake anayeishi Saint Paul, alikuja Jumapili akalizunguka lile gari akipiga magurudumu mateke kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Dada, hii ni ya mzungu amestaafu. Ukigonjeka huko porini, nani ataileta? Hawa watoto?"

"Nitajua la kufanya."

"Utanipigia. Na nitakuja, lakini nitakuja nikicheka."

Mjomba akaondoka. Mama akaniita jikoni. Alikuwa amesikia kazini kwamba kuna bima ya ziada: dereva akiugua safarini, kampuni inatuma dereva wao anawarudisha mpaka nyumbani, gari na watu.

"Piga uinunue hiyo," akasema. "Sitaki kumpigia mtu magoti. Hasa Njoro."

Kwa hiyo hamwezi kusema sikujua ilikuwa ya nini. Nilijua.

Nikapiga nikiwa nimelala, miguu ukutani, Kevo amesimama mlangoni anasikiliza. Jamaa aliyepokea alikuwa mchangamfu, wale watu ambao ukisema jambo la kijinga wanacheka kwa tumbo lote. Akauliza umri wa gari, nikajibu. Akauliza tunakwenda wapi, nikajibu. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine safarini mwenye leseni.

Jibu la kweli lilikuwa hili: binti yangu anayo, ya miezi minne, na gari hilo hajawahi kuliendesha barabarani. Sentensi moja. Lakini Kevo alikuwa ameshaanza kucheka ndani ya kiganja, na mimi nikipata mtu wa kunichekea sijui breki ziko wapi.

"Yupo binti yangu," nikasema kwa sauti ya Mama. "Akishika usukani utadhani alizaliwa ndani ya lori."

Jamaa akacheka. "Kwa hiyo hili gari analiweza?"

"Analiweza? Alilipeleka Duluth na kulirudisha, mimi nimelala nyuma. Mtoto mzuri sana. Anaosha vyombo hata hajaambiwa."

"Natamani wangu angekuwa hivyo."

"Omba Mungu," nikamwambia.

Kevo alianguka chini kwa kicheko. Jamaa akatushukuru, akasema kila kitu kiko sawa, tusafiri salama.

Duluth, mji ulio mwendo wa saa mbili na zaidi kutoka kwetu, hatujawahi kwenda. Mahali pekee nilipowahi kumwendesha Ndovu ni uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu Apple Valley, nikirudi nyuma, na niligonga pipa kubwa la takataka ambalo halikuwa limejificha.

Siku ya tatu ya safari, asubuhi, Mama alishika ubavu akiwa anaendesha. Alikuwa anatokwa na jasho na kiyoyozi kimewashwa.  Aliendelea mpaka kituo cha mafuta, akaegesha ndani ya mistari, sawasawa kabisa, akazima injini, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini, "Ita ambulensi." Ilikuwa nyongo. Walimpasua siku hiyo hiyo. Daktari akasema ni sawa, atapona, lakini asiguse usukani kwa wiki kadhaa.

Kesho yake alikuwa amelala na dripu mkononi, mimi na Kevo tumekaa kwenye viti tulivyolalia. Akaniambia niipigie kampuni ya bima, niwashe spika, niweke simu kitandani.

"Leo naongea mwenyewe," akasema. "Si nimelala tu? Wacha wanirudishe nyuma wapendavyo." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu jana yake. "Njoro atangoja sana."

Nilikuwa nimeshasahau ile simu. Naapa. Nilimwekea spika kama mtoto mzuri anayeosha vyombo hata hajaambiwa.

Safari hii alipokea mwanamke. Sauti ya upole, haina kicheko hata tone. Akamsikiliza Mama, akampa pole, akasoma maelezo yetu.

"Masharti yanasema tunatuma dereva pale ambapo hakuna mwingine safarini anayeweza kuliendesha gari," akasema. "Hapa naona una binti mwenye leseni. Yuko na wewe?"

"Yuko, lakini hajui hili gari."

"Imeandikwa kwamba alilipeleka Duluth na kulirudisha."

"Wapi?"

"Duluth. Ulitueleza wewe mwenyewe ulipoinunua bima. Mazungumzo yamerekodiwa. Ni wewe uliyeongea nasi siku hiyo, mama?"

Mama aligeuza kichwa akanitazama. Kevo akaanza kuhesabu vigae vya sakafu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Simu iko kitandani, spika imewashwa, ni maneno mawili tu: ilikuwa mimi. Mdomo wangu ambao walimu wanauandikia barua nyumbani kila muhula ulikauka. Nikangoja Mama aseme.

"Ndiyo," Mama akasema. "Ni mimi."

"Na binti ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi kwa maelezo yako mwenyewe, huduma hii haitumiki. Pole sana kwa kuugua."

Mama yangu anawafundisha watoto wa Sunday school kutosema uongo. Aliusema akiwa na mshono wa siku moja.

"Mama, ilikuwa mzaha," nikasema.

"Duluth?"

"Kevo alikuwa anacheka."

"Usiniingize," Kevo akasema.

"Ungewaambia si wewe," nikasema, nikilia sasa. "Mbona hukusema?"

"Ningesema si mimi, wangeuliza ni nani."

"Naweza kujaribu kuliendesha. Polepole."

"Ulishindwa na pipa la kanisa." Hakuwa anacheka. Alifumba macho. "Nilikupa jina langu ulishike. Sikukupa ulichezee."

Mchana huo wote nilimchukia yule jamaa wa kwanza. Nilimwona amenisaliti, na sehemu yangu moja bado inaona hivyo. Nilidhani tunapiga stori. Kumbe kila nilipokuwa nachekesha, yeye anacheka na vidole vinaandika. Si angeniambia, mama, ukishasema hivyo hiyo bima unayonunua haina maana tena? Aliniuzia mwavuli, halafu akaandika kwamba mimi sinyeshewi. Nilizunguka ule uwanja wa hospitali nikimtukana kwa Kiswahili na Kiingereza, na Kikuyu kidogo ninachokijua, ambacho ni matusi tu.

Kisha nikarudi chumbani nikamkuta Mama ameshika simu na mkono wenye dripu, anajaribu kukaa vizuri ili sauti yake isitoke kama ya mgonjwa.

"Njoro," akasema. "Ni mimi. Nakuomba unisaidie."

Hapo nikajua anayejua kusaliti ni nani.

Mjomba alikuja kwa basi, siku nzima na zaidi, ameomba ruhusa kazini. Aliingia wodini amevaa kofia yake, akamtazama Mama, na wala hakucheka. Alimsalimia vizuri, akamshika miguu juu ya blanketi. Nikafikiri labda tumepona.

Tulipofika barabara kuu, yeye kwenye usukani, akaanza.

"Si nilisema?"

Mama alikuwa nyuma, amelala, amekumbatia mto tumboni. Kila mtikisiko alikuwa anavuta pumzi.

"Na ile bima yako ya maajabu, ilienda wapi?"

"Masharti hayakuruhusu," Mama akasema kutoka nyuma.

"Ulinunua karatasi, dada yangu. Ulidanganywa mchana kweupe." Akanigeukia. "Na wewe, mwenye Kiingereza cha puani, hukumsomea mama yako masharti?"

Nilitazama dirishani. Nilikuwa na saa tisa za kusema ukweli ndani ya gari lile, na sikusema. Mama naye hakusema. Alilala pale nyuma akiubeba uongo wangu, na mimi nimekaa mbele na mkanda nimefunga.

Mpaka leo Mjomba anaisimulia. Kwenye harusi, kwenye kuaga watu, kila penye sahani ya pilau. Jinsi dada yake alivyodanganywa na kampuni ya bima, jinsi yeye alivyomleta nyumbani. Watu wanacheka, Mama anakula. Ndovu ameuzwa. Mama hajawahi kuniambia kwa nini, wala mimi sijauliza.

Hakunichapa, hakuninyang'anya simu. Ningependa angefanya hivyo. Aliacha tu kuniita jikoni.

Wiki iliyopita nilimkuta mezani, ameweka karatasi mbele, spika imewashwa, anaongea na bima ya gari lake dogo. Anaongea mwenyewe, kwa Kiingereza chake kile kile. Walimrudisha nyuma mara nne. Alitaja jina lake herufi moja moja, polepole, kidole kikifuata kwenye karatasi. Nilisimama mlangoni pale pale Kevo anapopenda kusimama, nikawa tayari, nikidhani atachoka anipe simu.

Nikasikia wakimuuliza kama kuna mtu nyumbani angependa aandikwe, wa kuongea kwa niaba yake.

Mama aliinua macho akaniona.

"Hapana," akasema. "Ni mimi tu."

Leo jioni nitampigia Mjomba Njoro nimwambie habari ya Duluth, kwa sauti yangu na kwa jina langu. Naandika hapa kwanza ili nisipate pa kukimbilia.

Na wewe katibu wa kwenu, unayejua tarehe ya kuzaliwa ya mama yako kuliko yako: upande wa pili wa simu yuko mtu anaandika hata anapocheka. Jibu ulichoulizwa. Ukitaka kujisifu, jisifu kwa jina lako.