Mwanamke Aliyezama Magharibi ya Reli

Nilipokuwa na miaka minane nilijua, kwa uhakika uleule ninaojua jina langu, kwamba mwanamke mmoja wa magharibi ya reli pale Shinyanga alikuwa akitwanga mahindi uani kwake, ardhi ikafunguka, ikammeza yeye, kinu na mchi wake, na kwamba hakufa. Alishuka, akashuka, akaibukia ndani ya shimo la dhahabu huko Nyarugusu, Geita, safari ambayo kwa basi ilikuwa inakula karibu siku nzima, na wachimbaji walipomwona hawakushangaa hata kidogo. Walimvika kofia yenye taa wakampa kazi ya kutwanga mawe papo hapo, kwa kuwa alikuja na mchi wake. Sikuona kasoro yoyote katika habari hii. Wachimbaji walikuwa wamefuata mshipa wa dhahabu chini kwa chini kutoka Geita hadi chini ya mji wetu, na kilichowazuia kuendelea mashariki ni reli, maana treni la mizigo ni zito na handaki lingewaangukia. Kwa hiyo mashariki ya reli ardhi ilikuwa nzima mpaka chini kabisa, na magharibi ya reli watu walikuwa wanaishi juu ya ganda tupu, kama ganda la yai lililofyonzwa likabaki na umbo lake.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, na mji mzima ulinuka udongo uliochomwa na jua. Anayeijua mbuga ya kwetu, ule udongo mweusi, anajua unavyopasuka mvua zikichelewa. Siku hizo niliapa mbele ya wenzangu kwamba nimeona ufa uliommeza ndama akabaki mkia. Tulikuwa tumehamia mjini kutoka Nyarugusu, baba, mama na mimi, tukawa tumejibana katika chumba kimoja cha shangazi yangu pale Kambarage, tukisubiri kupata nyumba ya kupanga. Na tulikuwa tumehama kwa sababu moja tu. Baba alikuwa mchimbaji, na miezi michache kabla ya hapo duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa limemwangukia. Magogo yanayoshikilia kuta, ambayo wachimbaji huyaita matimba, yalivunjika asubuhi, na wenzake walimfikia jua likiwa linaelekea kuzama. Alitoka mzima, ila sauti ilitoka nusu. Aliapa mbele ya shangazi kwamba hatashuka tena ardhini mpaka siku atakaposhushwa na watu wengine. Shangazi alilia kwa furaha. Mama hakulia. Mama alikuwa ameshawaona wachimbaji wengi wakiapa, na alikuwa ameona pia kwamba baba aliyafua mabuti yake ya kazini, akayaanika, akayaweka vizuri chini ya kitanda badala ya kuyagawa.

Hapo ndipo suala la kuchagua mtaa lilipokuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mji wetu wakati huo, kwa midomo ya watu, ulikuwa miji miwili. Mashariki walikaa walimu, makarani na wauguzi, watu wa kufagia mpaka barabarani na kuwaita watoto ndani kabla ya giza. Magharibi, ng'ambo kama tulivyozoea kuita, walikaa wapasua mbao, wauza mitumba na wachimbaji waliokuja mjini kupumzika. Kodi ilikuwa nafuu, nyua zilikuwa pana, na kila alfajiri malori ya kwenda machimboni yalipakia watu huko huko. Ukimwambia mtu wa mashariki kwamba unahamia ng'ambo, alikutazama kama uliyesema unahamia gerezani. Baba aliitaka ng'ambo. Alisema kuna hewa, kuna watu anaowafahamu, na kwamba mashariki mtu akikohoa jirani anauliza unaumwa nini. Mama hakubishana naye mbele yangu. Alisema tu, "Tutaona, Baba Mabula, nyumba huonekana kwa macho." Mabula ndiye mimi.

Dalali wetu aliitwa Shija, mtu mnene mwenye baiskeli nyembamba, na alikuwa anazungumza kana kwamba nyumba zote za Shinyanga amezizaa yeye. Alitupeleka kwanza mashariki, kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na vyumba viwili vya uani. Mama yule alitutazama miguu kabla ya nyuso, akauliza kama tuna redio, na kama tunayo, ina sauti gani. Vyumba vilikuwa vidogo kiasi kwamba baba alipogeuka mama ilibidi atoke. Lakini mimi nilikuwa na kazi yangu. Mfukoni nilikuwa na tindo la zamani la baba, kipande cha chuma kifupi kama kidole cha jitu, nikainama nikaanza kugonga sakafu. Hili ndilo jambo alilonifundisha baba mwenyewe kule Nyarugusu nilipokuwa nikimpelekea uji: kabla hujakaa chini ya mwamba, ugonge. Mwamba mzima unalia ti, ti, kama kengele ya shule. Mwamba ulioachana na wenzake unalia bu, na ukisikia bu huulizi, unatoka. Nikagonga vyumba vyote viwili, pembe hadi pembe, mpaka mwalimu akauliza kama mtoto ana matatizo. Ti, ti, ti. Nilitaka kumkumbatia yule mama kwa uzima wa sakafu yake.

Siku iliyofuata tulikwenda ng'ambo. Naweza kusema bila kuongeza chumvi, au kwa kuongeza kidogo tu, kwamba sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale tulipofika relini. Nilisimama juu ya chuma cha reli nikakataa kushuka upande wa pili. Mama alinivuta mkono; nikakaa chini. Shija akasema, "Kijana, unasubiri treni? Linakuja Alhamisi." Baba akacheka, akanibeba mgongoni kama furushi, na hapo nikazidi kuogopa, kwa sababu sasa uzito wetu ulikuwa umejumlishwa. Nilimnong'oneza akanyage polepole. Alidhani natania, akarukaruka kunichekesha, na kila aliporuka roho yangu ilishuka mpaka visiginoni mwake.

Halafu nikasikia vinu. Ilikuwa saa za kuandaa chakula cha mchana, na karibu katika kila ua mwanamke alikuwa anatwanga. Du! Du! Du! Kushoto, kulia, mbele yetu. Nilifumba macho. Niliwaza: hivi hawa hawajasikia habari ya mwenzao? Wana roho gani? Kila mchi uliposhuka nilibana meno nikisubiri ardhi ifunguke, na kila ulipopanda nilimshukuru Mungu, na kabla sijamaliza kushukuru ukawa umeshuka mwingine. Mama mmoja alisimamisha mchi akatusalimu Kisukuma, "Mwangaluka!" Wazazi wangu wakaitikia. Mimi nilimjibu kwa sauti ya kuomba, "Shikamoo, mama, pumzika kidogo." Akacheka, akasema, "Marahaba, mwanangu. Nikipumzika mimi, baba zako watakula nini?" Akaendelea kutwanga.

Nyumba yenyewe, sina budi kuwa mkweli, ilikuwa nzuri. Vyumba vitatu, kisima jirani, uwanja ambamo leo wangejenga nyumba nne. Baba alitembea humo akipiga kuta kwa kiganja kama anayempigapiga ng'ombe aliyemnunua tayari. Katika ukuta mmoja palikuwa na ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, ufa wa kawaida kwa nyumba yoyote iliyojengwa kwenye mbuga, lakini mimi niliutazama nikaona mdomo. Nikatoa tindo. Chumba cha kwanza, ti. Cha pili, ti. Katika cha tatu, kile ambacho baba alishasema ndicho kitakuwa changu, nilifika pembeni karibu na dirisha, nikagonga.

Bu.

Nikagonga tena. Bu. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi kiwanja cha ndege cha Ibadakuli. Nilimrukia baba, nikamng'ang'ania mguu, nikamwambia kwamba wako hapa, wako chini yetu, tutoke. Na suruali yangu, nasema haya kwa kuwa nimeshakuwa mtu mzima, ikalowa. Baba alinibandua taratibu, akachukua tindo, akapiga goti pale pembeni. Aligonga mara moja. Akainamisha kichwa akaweka sikio. Aligonga mara ya pili, na nikaona uso wake unabadilika.

"Ah, Baba Mabula!" akasema Shija. "Hapo saruji imeachana na kifusi tu, fundi alikuwa na haraka. Tazama." Akapiga mguu chini kwa nguvu zake zote, na zilikuwa nyingi. Sakafu ikalia kama sahani iliyopasuka, kiatu chake kikazama vidole viwili, basi, wala si zaidi.

Lakini baba hakuwepo tena chumbani. Alikuwa ametoka kwa kasi iliyomsukuma mama ukutani, na tulipomfuata tulimkuta katikati ya uwanja, mikono miwili juu ya kichwa, vile wachimbaji wanavyofanya wakisikia mawe yanaanza kudondoka. Alikuwa anahema kwa mdomo. Jasho lilimtoka usoni kama aliyemwagiwa maji, na macho yake yalitazama juu, akiutafuta mdomo wa shimo. Mbingu yote ya Shinyanga ilikuwa juu yake, lakini hakuiona. Nilikuwa nimemwogopea mama, nimejiogopea mwenyewe, nimewaogopea wanawake wote wa vinu. Haikuwa imenijia kwamba baba anaweza kuogopa. Nilisahau handaki. Nilitaka mtu mzima mwingine atokee mahali fulani atuchukue. Hakuna aliyecheka, hata Shija, ambaye alivua kofia yake bila kujua kwa nini. Mama alimsogelea baba, akamshusha mikono mmoja mmoja, akazishika ngumi zake. Alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayechagua nyanya, "Twende tukachukue vile vya mwalimu."

Tukavichukua. Tuliishi mashariki miaka kumi na minne, tukigeuka kwa zamu. Baba aliendelea kwa muda kusema kwamba akipata mtaji kidogo atarudi Geita msimu mmoja tu, mmoja, halafu basi. Lakini malori yalipakia ng'ambo, alfajiri, na kufika huko kulimtaka avuke reli, na kila alipovaa mabuti nilianza kulia nikimwambia ardhi ya ng'ambo haijapona. Akayavua. Alipata kazi ya kupakia marobota ya pamba, baadaye akajifunza kutengeneza baiskeli, na mpaka leo yuko hai, analaumu redio kwa matokeo ya mpira. Wenzake wawili waliomfukua siku ile baadaye nao walifukiwa, na hawakutoka.

Mimi nilibaki na hofu yangu, nikailisha vizuri. Niliisimulia shule nzima. Kufikia darasa la tano yule mwanamke wa kinu alikuwa ameshapandishwa cheo, ana wasaidizi. Watoto wa ng'ambo waliitwa "wa juu ya shimo", na niliyewaita hivyo kwanza ni mimi. Rafiki yangu mkubwa, Doto, alikuwa wa huko. Tulikaa dawati moja miaka mitatu, alikuja kwetu akala, mimi kwao sikukanyaga. Mama yake alipofariki, darasa zima lilikwenda msibani na mwalimu wetu. Nilifika relini, nikasimama, nikawaona wenzangu wakitokomea kwa mbali. Doto hakunigombeza. Alihama dawati tu.

Siku hizi mji umeunganika. Kuna lami pande zote mbili, maduka ya simu pande zote mbili, na vijana wakisikia neno ng'ambo wanauliza ng'ambo ya nini. Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne nikiwa na ndevu, kwenye madarasa ya jioni, na usiku mmoja wa somo la jiografia niliweka rula juu ya ramani kati ya Nyarugusu na Shinyanga, nikacheka peke yangu mpaka mwalimu akanitoa nje. Lakini rula ni ya kichwa, haifiki miguuni. Mwaka huu mke wangu amepata nyumba magharibi ya reli, pana, yenye maji ndani, kwa bei ambayo huku tunapata chumba na jirani. Nikasema kuna mbu. Nikasema mbali na shule. Nikasema fundi wake simwamini. Mke wangu, ambaye si mtu wa kuzungushwa, alinifikisha kwa mama, akasema, "Mama, mwulize mwanao anaogopa nini, maana mimi hataki kuniambia."

Basi nikasema. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikamwambia mama mbele ya mke wangu kuhusu mwanamke aliyekuwa akitwanga, na handaki, na kwamba najua ni upuuzi, ila kila mtu mjini alikuwa anaijua ile habari, na habari inayojulikana na kila mtu lazima iwe imeanzia kwenye kitu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anafunga kanga yake upya, akaacha katikati.

"Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anaijua, Mabula," akasema. "Nilikusimulia wewe peke yako, kwa shangazi yako, ukinisaidia kuchambua choroko. Wengine wote waliisikia kwako. Hakukuwa na mwanamke, wala handaki, nilitunga mwenyewe. Nilimsihi baba yako tusipange karibu na yale malori mpaka nikachoka. Mimi alikuwa hanisikii. Wewe ukilia, alikuwa anasikia."