Mchumba wa Dada na Nyumba ya Bure

Neno lililotupeleka Lautoka ni "bure". Dada yangu alilipata kwenye simu yake tukiwa Xiaobei, Guangzhou, tunafunga marobota ya mabegi ya shule, miaka ile ambayo kila mwenye pasipoti kwetu alikuwa mbioni kwenda China. Ujumbe ulitoka kwa mchumba wake, Mhindi wa Fiji, mgane mwenye duka, ambaye dada alimkuta kwenye mgahawa wa halali akihangaika na vijiti vya kulia. Aliandika kwa Kiingereza kwamba amemjengea "bure" nyuma ya nyumba yake.

"Dada, anakupa nyumba ya bure, au amejenga bure?" nikamuuliza.

"Cheka tu. Utaenda kuiona kwa macho yako."

Na kweli nilitumwa. Mama, kule Kilombero, alisema hamtoi mwanawe kwa mtu wa visiwani asiyejulikana kwao. Nimsindikize dada, nimchunguze bwana, na nitakalosema mimi ndilo litakalokuwa. Nilikubali upesi mno. China nzima nilikuwa na dada tu. Tulilala chumba kimoja, na kwa malaoban, wale wenye maduka wa masoko ya Liuhua, tulibishana bei kwa kupokezana, mmoja akichoka mwenzake anaanza. Nilipanda ndege nikiomba huyo bwana awe na kasoro, hata ya kukoroma.

Lautoka, huko Fiji, ni mji wa sukari. Kigari moshi kilichosheheni miwa kinakatiza mjini bila haraka, watu wanasimama kukipisha huku wakipiga soga, na hewa yote inanukia molasi. Baada ya Guangzhou, ambako hata lifti ina foleni, nilijikuta natembea polepole. Nikaudhika kwamba nimepapenda.

Bure nayo tuliikuta. Kumbe kwa Kifiji ni nyumba ya kuezekwa kwa majani! Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliizunguka, nikagonga nguzo, nikachungulia paa nikitafuta panapovuja.

"Umepata kasoro, mdogo wangu?"

"Meiyou," nikasema. Hakuna. Nililitamka kwa uchungu ule ule wa wauza viatu wa Liuhua wakikunyima punguzo.

Alasiri bwana alileta muwa mrefu, akakaa mlangoni na kisu, akaumenya. Mimi nimekulia kwenye mashamba ya miwa, haya mambo hunidanganyi: utamu uko shinani, kileleni ni maji matupu. Pingili za shinani alimpa dada, za katikati akanipa mimi, za kileleni akazitafuna mwenyewe huku akituuliza habari za safari. Dada hakuona kitu, alikuwa anasimulia. Mimi niliona, na moyo ukanishuka.

Mama akapiga simu saa hiyo hiyo.

"Enhe, huyo bwana vipi? Isije ikawa ni mtu bure!"

Nilimtazama dada, maji ya muwa yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Kasoro moja tu ya kubuni, na tungerudi Xiaobei wawili.

"Si mtu bure, mama," nikasema. "Mwozeshe."

Nikampa dada simu, nikatoka nje, nikalia kweli kweli. Nilikuwa nimemgawa dada yangu, tena bure.