Mkono Wenye Miraba

Mkono wa kushoto wa Mama Seji, upande wa ndani, umechorwa miraba midogo kwa kalamu ya wino, kila mmoja na namba yake. Nimetembelea watengeneza vipodozi katika miji mingi, wengine wana mashine za bei mbaya kweli. Maabara iliyovaa bangili sikuwahi kuiona mpaka nilipoingia jikoni kwake.

Jina amelipata kwa mmea wenyewe. Seji ni mmea mfupi wenye majani ya kijivu, laini kama sikio la sungura, na kwake umeota kwenye madebe kuanzia uani hadi kwenye ngazi, hata mgeni hupita kiubavu. Miaka ishirini aliosha vichwa vya watu saluni, mpaka dawa za nywele zikamchubua vidole. Akaacha, akatafuta kitu kisichochubua mtu. Siku hizi huyaloweka majani makavu kwenye glisirini kwa wiki tatu, huyachuja mara mbili kwa kitambaa, kisha hicho kiini hukichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa. Unapaka usoni kwa pamba. Hupunguza mafuta yaliyozidi, hutuliza vipele vya baada ya kunyoa. Zaidi ya hapo hamwahidi mtu.

"Itaniondolea makunyanzi?" mteja mmoja alimuuliza nikiwa palepale.

"Makunyanzi yako umeyatolea jasho, mwenzangu. Kaa nayo. Mimi ni wa vipele tu."

Kisha ikaja saluni mpya, ile yenye vioo mpaka darini. Mwenye saluni aliagiza chupa arobaini kwa ufunguzi wa Jumamosi. Ilikuwa mara ya kwanza kazi ya Mama Seji kupangwa kwenye rafu ya watu, na mtaa mzima ulijua, maana binti yake wa mwisho, anayemsaidia kuloweka na kujaza, hana breki mdomoni.

Mzigo hautoki kabla tone lake halijakaa mkononi siku mbili. Jumatano mama akachora mraba, akapaka tone. Ijumaa asubuhi mraba ulikuwa mwekundu, unawasha.

"Umejikuna tu, mama," binti akasema.

"Mkono huu naujua kuliko ninavyokujua wewe. Ulifanya nini?"

Binti akatazama sinki. "Nilizidisha majani. Mara mbili. Nilidhani yakiwa mengi ndiyo yanafanya kazi."

"Chumvi nayo nzuri. Kesho tia mara mbili mchuzini, tuone."

"Mama, tutachekwa! Nimeshawaambia wote."

"Wacheke. Watacheka na nyuso zao nzima."

Akazimwaga zote arobaini, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha. Zilikuwapo chupa kumi na mbili za mzigo uliopita. Akazifunga kwenye taulo, akaenda nazo saluni mwenyewe.

"Mama yangu," mwenye saluni akalalamika, "kumi na mbili nitazipanga vipi? Rafu itakuwa kama mdomo wa kibogoyo!"

Mama Seji akapandisha mkono wa gauni. "Zile arobaini zimenifanya hivi. Hizi kumi na mbili ni mraba huu wa juu."

Mwenye saluni akausogelea mkono, akagusa pale penye wekundu kwa ncha ya kidole, kisha pale penye ngozi safi.

"Ungeniletea tu zile. Nisingejua."

"Wateja wako wangejua."

"Nyingine lini?"

"Wiki tatu na siku mbili."

"Hizo siku mbili za nini tena?"

"Za mkono."

Jumamosi chupa zilipangwa katikati ya rafu, huku na huku pakiwa patupu. Kila aliyeuliza alijibiwa na mwenye saluni kwa sauti ya kusikika barabarani: "Zilizobaki mtengenezaji amezikataa mwenyewe! Hazikumridhisha." Kabla ya adhuhuri rafu ilikuwa tupu, na wanawake wanaandikisha majina kwa ajili ya mzigo ujao. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja kuandikisha la kwake.

Mama Seji alisimama karibu na mlango, gauni limepigwa pasi.

"Mama, shusha shingo," binti akamnong'oneza. "Utagonga taa."

"Acha niigonge."