Nadhiri kwa Magoti ya Mwingine

Yoandris alikuwa fundi wa kutandika marumaru sakafuni huko Havana, Kuba, na kwa miaka ishirini mkate wake ulitoka magotini. Yalipoanza kuwaka moto hata akipanda ngazi tu, daktari wa mtaani hakumbembeleza: "Unapiga magoti kwenye saruji tupu, halafu unashangaa?" Tangu hapo akavaa vikinga magoti kazini, kila nusu saa akasimama kujinyoosha, na jioni akakaa kitini akinyanyua mguu uliofungwa mfuko wa maharage kama uzito wa mazoezi. Baada ya miezi minne maumivu yakatulia. Alifurahi, mpaka mama yake, Eneida, alipofungua mdomo.

"Mshukuru Mtakatifu Lazaro. Nilimwekea nadhiri. Ukipona, sikukuu yake utatambaa kwa magoti mpaka kanisani kwake Rincón."

"Nani atambae?"

"Wewe."

"Mama, nimeyaponya magoti ili nikayaue kwenye lami? Si ungeahidi yako?"

"Yangu yana miaka sabini na mbili. Mtakatifu nimpe kitu kibovu?"

Huyo ndiye Eneida, mkarimu kwa viungo vya watu. Na Jumatatu baada tu ya sikukuu hiyo Yoandris alikuwa anaanza sakafu ya shule nzima. Magoti yakigoma, kazi anapewa mwingine. Akakataa katakata.

Mama hakubishana. Siku ilipofika, mwanawe akimsindikiza katikati ya umati wa mahujaji waliovaa magunia kwa toba, alijishusha taratibu, magoti wazi, akaanza kutambaa mwenyewe. Hakufika mbali, damu ikaonekana.

Yoandris alimlaani mtakatifu kimoyomoyo. Akamkalisha mama kando ya barabara, akatoa begini vikinga vyake, maana alimjua mzazi wake, akamfunga navyo magotini.

"Watasema tunamdanganya mtakatifu," mama alinong'ona.

"Hata kwenye sanamu yake anatembea kwa magongo, mbwa wawili wakimlamba vidonda. Unadhani hajui magoti yanavyouma?"

Eneida alifikiri, akavua kimoja. "Lako bovu ni lipi?"

"La kulia."

"Vaa. Langu ni la kushoto."

Wakatambaa bega kwa bega, na kila baada ya hatua chache fundi alimsimamisha mama ajinyooshe, huku waumini wa nyuma wakiguna na kusonya.

Mbele ya altare, chini ya sanamu hiyo, Eneida alifumba macho. "Lazaro wangu, magoti ya mwanangu yakiamka salama Jumatatu, mwakani ata..."

Yoandris alimziba mdomo kwa kiganja, mbele ya mtakatifu na mbwa wake wote wawili.